Utani wa Mzee Kasanda ulivyotaka kutunyima bomba la maji, Kariakoo ya kabla ya Uhuru

Wakuu, habari za humu ndani.

Shikamooni wakubwa zangu, kama wapo. Nina wasiwasi kwamba humu mkubwa ni mimi, kwa hiyo mlio wadogo nazisubiri shikamoo zenu kwenye komenti.

Mimi ni bibi wa miaka themanini na ushee. Naandika kwa kidole kimoja, miwani imeshuka puani, bando kaniwekea mjukuu wangu. Ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu na mama yangu mzazi ndiye aliyekuwa katikati yake. Atakayesema hii ni chai, sawa, mimi nitamletea na vitumbua, maana na vyenyewe vimo.

Kilichonileta ni hiki.

Juzi nilisoma uzi wa kijana mmoja analalamika kwamba kwenye mkutano wa mtaa wao walikuja watu wa kuhesabu, mwenyekiti akaongea na viti. Wachangiaji wakamcheka. Eti mikutano ya mtaa ni ya wazee wasio na kazi.

Nilikasirika mpaka chai ikanipoa. Maisha yangu mimi yaliamuliwa kwenye mkutano wa namna hiyo hiyo mnayoicheka.

Tulieni niwape.

Ni miaka ya hamsini katikati. Tunakaa Kariakoo, nyumba ya Kiswahili, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Barabara mchanga mtupu. Hayo maghorofa mnayopandia lifti kununua simu hayakuwepo.

Baba alikuwa baharia wa meli za mwambao, akiondoka ameondoka. Nyumba aliishika mama.

Mama yangu, Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa akipika vitumbua na uji. Wateja wake makuli na wachuuzi wa sokoni, watu wanaoamka kabla ya jua na wanaotaka kula kabla ya kubeba chochote. Biashara ile inataka maji, na maji hayakuwepo mtaani.

Tuliyafuata kwenye kioski, mbali, upande wa Mnazi Mmoja. Foleni ya madebe mpaka inakunja kona. Ukimaliza kuteka unarudi na debe kichwani, shingo imekaza, maji yanakuchuruzika mgongoni. Mkifika nyumbani mama anamimina kwenye pipa, anakuambia rudi.

Mimi nilikuwa darasa la nne.

Kwa vijana: darasa la nne enzi zile ndilo lilikuwa chujio. Ukifaulu unaendelea, usipofaulu unarudi kukaa nyumbani usubiri posa. Wasichana tuliofika hapo tulikuwa wachache, na nje kulikuwa na wengine wanaililia nafasi.

Na mimi nilikuwa nachelewa. Karibu kila siku. Naingia darasani nguo imelowa mabegani, wenzangu wameshaanza hesabu.

Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mkali, mnyoofu, hakuwa na maneno mengi. Siku moja alinisimamisha mlangoni.

"Zuhura, kichwa unacho. Lakini mtihani haufanywi na kichwa kilichoko foleni ya maji. Ukiendelea hivi nafasi yako nitampa mwingine."

Nilimwambia mama. Aliendelea kugeuza vitumbua, ila niliona vile viwili vya mwisho vimeungua, na mama hakuwa mtu wa kuunguza vitumbua.

Sasa ndipo habari ikaja.

Redio zilikuwa za kutafuta. Habari za Serikali zilitembea kwa miguu: alikuwepo mpiga mbiu, mtu mrefu mwenye kofia nyekundu na pembe la mnyama. Akilipuliza hilo pembe pale kona, wanawake wanatoka uani na miiko mkononi, mafundi wanaacha cherehani.

Siku hiyo akatangaza kwamba Serikali ya mji imetoa bomba moja la maji kwa kata yetu. Baraza la kata litakaa, watu waje waseme liwekwe wapi. Lakini lazima wakubaliane kwa sauti moja. Wakishindwana, bomba litapelekwa kata nyingine.

Mama alinitazama, mimi nikamtazama. Akasema, "Nitakwenda."

Mjue mama yangu hakuwa mtu wa mikutano. Alivaa buibui lake, akakaa nyuma na wanawake wenzake. Mimi nilikwenda naye, nikapachikwa dirishani na watoto wengine.

Mbele walikaa wajumbe wa baraza. Mmoja wao alikuwa Mzee Kasanda, jirani yetu, fundi baiskeli, Mnyamwezi. Pembeni kwenye meza ndogo alikaa karani mpya, kijana wa Kichaga, ndiyo kwanza kaletwa kutoka Moshi. Shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Kwa jina tulimwita Bwana Elinami.

Mama alipopewa nafasi alisimama. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikapata njia. Alisema mtaa wetu uko katikati, nyumba nyingi ziko karibu, na watoto wanakosa shule kwa ajili ya foleni. Alisema, "Mwanangu atatolewa shule. Nawaombeni."

Watu waliguswa, wanawake wa nyuma wakaanza kutikisa vichwa.

Mara Mzee Kasanda akasimama. Uso mkavu kama jiwe la kunolea kisu.

"Mimi nakataa! Wazaramo na maji wapi na wapi? Hawa wanaoga mwezi ukiandama! Bomba mkiwawekea watalifunga nazi wacheze ngoma. Likiwekwa mtaa ule mimi nitalala juu yake, na sitoki mpaka nipewe jogoo!"

Mama hata hakungoja amalize.

"Kaa chini wewe! Babu yako alifika pwani akainama akanywa bahari akidhani ni ziwa! Ndiyo maana mpaka leo una chumvi mdomoni!"

Ukumbi ulivunjika. Watu walishika mbavu. Mzee Kasanda akakaa, anajifanya amenuna. Mwenyekiti akafuta machozi ya kicheko, akauliza kama kuna mwingine, hakuna, akafunga kikao. Sisi tukarudi nyumbani tunajua bomba ni letu.

Sasa nisimame hapa kidogo kwa faida ya wasiojua.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Wale walikuwa wanateremka kutoka bara na mizigo, wanafikia kwa wenyeji wa pwani, ndipo utani ukazaliwa. Mtani anakutukana bila kutabasamu, na wewe unamjibu bila kununa. Ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika, anachimba kaburi, anachekesha wafiwa, anachukua hata sufuria lako na humwulizi.

Na mtani akisema nakataa, kila mwenye masikio alijua amekubali. Mzee Kasanda ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba kabla ya kikao kuwaambia wajumbe wenzake wauunge mkono mtaa wetu. Sisi tulijua.

Karani hakujua.

Alichokiona yeye ni mjumbe wa baraza anamtukania mwanamke kabila lake mbele ya watu, anaapa kuzuia mradi wa Serikali, na mwanamke anamrudishia. Akapeleka taarifa kwa Bwana Shauri, yule Mzungu aliyekuwa juu ya kata zetu. Hakuongeza neno na hakupunguza. Ndiyo shida yenyewe, wakuu, maneno yote yalikuwa ya kweli.

Hazikupita siku nyingi pembe likalia tena.

Mpiga mbiu akatangaza kwamba bomba limesimamishwa kwa sababu ya uhasama wa makabila mtaani. Waliogombana waombane radhi barazani mbele ya Bwana Shauri, Jumamosi. Wasipofanya hivyo, bomba linakwenda kata nyingine.

Halafu yeye mwenyewe akashusha pembe akatuuliza, "Jamani, nani kagombana na nani?"

Hakuna aliyejua! Watu wakaanza kutazamana. Mmoja akasema labda ni Wangoni na Wamatumbi wa nyumba ya kona. Wale wa nyumba ya kona wakatoka, wanauliza wamekosa nini. Ilibaki kidogo tugombane kweli, kwa kutafuta nani kagombana.

Kesho yake nikachelewa tena shule. Mwalimu hakunifokea, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema tu, "Jumatatu uje na mama yako. Kama hakuna njia, tuachane salama."

Nilirudi nyumbani nalia njia nzima, kuanzia lango la shule mpaka Mtaa wa Kongo. Mzee Kasanda aliniona kutoka kwenye baiskeli zake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nani kakupiga?"

Nikamweleza. Akafuta mafuta mikononi, akaingia kwetu, akamwambia mama, "Vaa twende kwa karani. Tukajue hao wanaogombana ni akina nani, tuwapatanishe wenyewe leo hii."

Tukaenda watatu.

Karani alipowaona mama na Mzee wanaingia pamoja, alisimama akavuta kiti akakiweka katikati yao. Mimi nilidhani ni adabu. Kumbe anawatenganisha.

"Mama," akasema kwa upole, "huyu si ndiye aliyekutukana mbele za watu?"

"Ndiye," mama akajibu.

"Na bado unatembea naye?"

"Sasa nitembee na nani, mtani wangu ndiye huyu. Siku asiponitukana nitajua anaumwa."

Mzee Kasanda akadakia, "Mimi naumwa hivi sasa, Bwana Karani. Nimetembea na Mzaramo kutwa, harufu ya samaki imenipanda kichwani."

"Mzee, tafadhali!" karani akang'aka.

Ndipo ikatuingia. Wale waliogombana ni sisi!

Mama alicheka kwanza. Kisha akaacha. Karani alikuwa anaeleza kwamba jambo ni jepesi: Jumamosi Mzee asimame aseme samahani, mama aseme nimekusamehe, Bwana Shauri asikie, bomba lije. Dakika moja, kwisha.

Mzee Kasanda akasema, "Hapana."

Na safari hii sauti haikuwa ya utani.

Wakuu, hapa ndipo penye kisa. Mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi umemwambia kwamba siku zote yale yalikuwa matusi kweli, na yeye akikusamehe amekubali. Hapo utani umekufa, na haufi wa watu wawili tu. Unaua wa watoto na wajukuu.

Mama naye akatikisa kichwa. "Nikimsamehe huyu, nikifa nani atakuja kunizika? Utakuja wewe?"

Karani akasema, "Mama, na mtoto?"

Sitasahau uso wa mama. Alinigeukia akanitazama muda mrefu, mkono umeshika ncha ya buibui. Mimi nilikuwa mtoto, lakini niliona kabisa anapimwa. Huku utani wa babu zake, huku mimi. Nilitamani kumwambia basi mama, mimi sitaki shule.

Mzee Kasanda akaliona. Mabega yakamshuka. Akasema polepole, "Basi nitaomba. Mtoto asome."

"Huombi," mama akamkatiza. Akamgeukia karani. "Bwana Karani, kwenu hakuna watani?"

"Wapo. Wapare."

"Mnawaambiaje?"

Yule kijana akasita. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumwona meno. "Tunawaambia... Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku."

Mzee Kasanda akapiga kofi meza. "Hiyo nzuri! Hiyo naichukua!"

"Na ukishamwambia Mpare hivyo," mama akauliza, "huwa unakwenda kumwomba radhi mbele ya Bwana Shauri?"

Karani akakaa. Akavua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Mungu wangu," akasema. "Kwetu tunataniana vilabuni, shambani. Sikujua mtu anaweza kutania barazani, mbele ya mwenyekiti."

"Sasa ndipo penye raha," Mzee akamjibu.

Msimcheke yule kijana. Alikuwa mgeni, bado yuko kwenye majaribio ya kazi, na taarifa ameshaipeleka kwa mkubwa wake. Kwenda kusema nilikosea kungeweza kumrudisha Moshi na sanduku lake. Alitusindikiza mlangoni hana raha. Hakuahidi kitu, alisema tu, "Jumamosi njooni."

Ijumaa ile mama alipika kama kawaida, nami nilikwenda kioski kama kawaida. Kila nikipiga hatua najiambia Jumatatu ndiyo mwisho wangu.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka nje. Hata waliokuwa hawaji walikuja, maana walisikia kuna ugomvi. Bwana Shauri amekaa mbele, soksi zimefika magotini, anaongea Kiswahili safi cha kitabuni.

"Mzee Kasanda na Mama Zuhura, inukeni. Je, mko tayari kuombana radhi?"

Wote wawili wakasimama.

Karani akasimama pia. Akaweka mikono nyuma.

"Bwana Shauri, naomba kusema. Hawa hawana la kuombana. Hawakugombana. Mimi ni mgeni hapa, nilisikia maneno, sikuuliza maana yake. Ni utani wao. Aliyekosea ni mimi, na kama kuna wa kuomba radhi leo, ni mimi. Naomba radhi, Mama. Naomba radhi, Mzee."

Mtu wa ofisi ya Serikali, wakati ule wa Mwingereza, anasimama mbele ya mkubwa wake na mbele ya wapika vitumbua anasema nimekosea! Mimi nilikuwa sijaona. Na niwaambie kweli, hata baada ya hapo nimeona mara chache sana.

Bwana Shauri akaminya macho. "Utani. Kwa hiyo yule mzee aliposema anakataa...?"

Mzee Kasanda akadakia, "Na bado nakataa! Hawa watu wa samaki maji watayafanyia nini?"

"Mnywa bahari wewe!" mama akamrudishia.

Kicheko kikapasuka. Na Mzee, kama mtani mwenye haki zake, akamfuata mama, akamnyang'anya kikapu cha vitumbua alichokuja nacho, akaanza kugawa bila kumwuliza mwenyewe. Cha kwanza akampa Bwana Shauri. Cha pili karani.

Yule Mzungu alitafuna taratibu, anatazama mmoja mmoja. Mwishowe akauliza, "Baraza mnakubali bomba liwekwe mtaa ule?"

"TUNAKUBALI!"

Aliyepiga kelele kuliko wote ni Mzee Kasanda.

Karani hakurudishwa Moshi. Alikaa nasi miaka, akaoa hapa hapa. Mzee Kasanda akamtangazia siku ile ile kwamba kuanzia sasa Wachaga nao ni watani wake, na masikini kijana wa watu hakupata kunywa chai kwa amani tena.

Jumatatu mama alikwenda shuleni, akamwomba mwalimu avumilie mpaka bomba lije. Mwalimu akauliza, "Na kabla halijaja?"

Kabla halijaja, kila alfajiri Mzee Kasanda alibeba maji yetu kwa mzega, mti begani na debe kila upande. Anafika uani anayamwaga kwenye pipa, anaguna, "Mnyamwezi ametoka Tabora kuja kumnawisha Mzaramo, dunia imekwisha." Mama anamjibu kwa tusi, anampa uji. Hakukosa hata siku moja.

Mafundi wakaja, wakachimba mchanga, wakapitisha mabomba. Siku lilipofunguliwa wanawake walipiga vigelegele, watoto tukalowana makusudi, tukachapwa.

Asubuhi iliyofuata niliamka kama kawaida yangu. Nikateka debe la kwanza, la pili, la tatu, pipa likajaa. Nikatazama nje, bado kiza chembamba. Mama akasema, "Unasubiri nini? Nenda shule."

Nilikwenda natembea. Sikukimbia. Nilikuwa sijawahi kuiona ile njia bila kukimbia, sikujua hata kwamba kuna mti wa mkungu pale kona.

Darasa lilikuwa tupu. Nikakaa mahali pangu, nguo kavu, nikaweka mikono juu ya dawati. Sijui kwa nini nililia. Mwalimu alipoingia alinikuta hivyo, akasimama mlangoni, akanitazama, akaja kuniwekea chaki mkononi.

"Umewahi," akasema. "Haya, andika tarehe ubaoni."

Enzi hizo aliyefika wa kwanza ndiye aliyeandika tarehe. Niliiandika siku ile, kesho yake, na keshokutwa, mpaka mtihani. Nikafaulu. Baadaye nikawa mwalimu, na nimesimama mbele ya ubao mpaka nilipostaafu.

Nilichojifunza ni kwamba ukiwa mtawala, usiandike taarifa za watu uliowasikia tu bila kuwauliza. Na ukiwa raia, nenda kwenye mkutano. Mama yangu hakujua kusoma, alikwenda akasema mawili matatu na sauti inatetemeka. Asingekwenda, mimi leo nisingekuwa na uwezo wa kuwaandikia hata herufi moja.

Nimemaliza, kidole kinauma. Nanyi niambieni: watani wenu ni kina nani, na mkutano wa mtaa wenu mara ya mwisho mliingia lini? Msinidanganye, mimi nimesahihisha madaftari ya watu miaka na miaka, uongo naunusa. Kunitania ruksa, lakini kwa Wanyamwezi tu. Wengine leteni shikamoo.